MDUDU HUYU ANAKULA NINI?

Somo juu ya mbawakawa wadogo wa ukungu katika mahindi

MANENO YA SOMO HILI

Mbawakawa: mdudu mwenye mbawa mbili ngumu zinazofunika mgongo wake kama ganda.
Kuvu: jamii ya viumbe kama uyoga na ukungu.
Ukungu: kuvu ndogo inayoota juu ya chakula chenye unyevu.
Sumukuvu: sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu.
Vipapasio: nyuzi mbili kichwani mwa mdudu. Mdudu huzitumia kupapasa na kunusa.
Kioo cha kukuzia: kioo kinachofanya kitu kidogo kionekane kikubwa.
Milimita: sehemu moja ya kumi ya sentimita. Itazame katika rula yako.

1. MAGUNIA MANANE

Wakati fulani nilikuwa nafundisha darasa la kujiendeleza katika kijiji kimoja. Tulikuwa tunasoma juu ya kuhifadhi mahindi. Siku ile nilikuwa nimefundisha habari za dumuzi, yule mdudu anayemaliza mahindi ghalani.

Baada ya somo, mama mmoja alinifuata. Alikuwa na umri wa kunizaa. Alifungua pindo la khanga yake, akanionyesha mahindi kiganja kimoja. Ndani yake walikuwamo wadudu wadogo wa rangi ya kahawia. Walikuwa wanakimbia huku na huku.

Nilitazama mara moja tu. Nikasema, "Hao ni dumuzi, Mama. Nunua dawa ya unga, uchanganye na mahindi."

Mama hakubisha. Aliuza kuku wake mmoja, akanunua dawa. Akaichanganya katika magunia yake yote manane.

Baada ya wiki mbili alirudi darasani.

"Shikamoo, Mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Dawa imefanya kazi. Wadudu wamekufa. Lakini mahindi yananuka."

"Yananuka namna gani?"

"Yananuka uvundo, kama nguo iliyofungwa ikiwa mbichi. Nami niliona jambo tangu siku ile. Wewe ulitufundisha kuwa dumuzi hutoboa, naye huacha unga mwingi. Mahindi yangu hayakuwa na matundu. Hayakuwa na unga. Wadudu wale walikuwa wanatembea juu tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiwe mwalimu."

Nilikosa la kusema. Tulikwenda nyumbani kwake pamoja. Magunia yalikuwa yamepangwa sakafuni, yamegusa ukuta. Mahindi yalikuwa yamevunwa wakati wa mvua, yakatiwa katika magunia kabla ya kukauka vizuri. Tulipofungua gunia la chini, tulikuta punje zimeshikamana. Nyingine zilikuwa na ukungu wa kijani, nyingine wa kijivu. Uji wa wajukuu ulikuwa unatoka katika gunia lile.

Wadudu wale hawakuwa dumuzi. Walikuwa wanakula ukungu. Dawa iliwaua wadudu, lakini ukungu ulibaki, ukaendelea kuota kwa wiki mbili.

Tunashukuru, hakuna mtoto aliyeugua siku zile. Lakini magunia mawili yalipotea kabisa, na kuku wa Mama alikwenda bure. Kosa lilikuwa langu. Nilitaja jina la mdudu kabla ya kumtazama. Kwa sababu hiyo nimeandika somo hili.

2. KUVU NA WADUDU WAKE

Uyoga na ukungu ni ndugu. Vyote viwili ni kuvu. Kuvu haina majani ya kijani, wala haijitengenezei chakula kwa nguvu ya jua kama mmea. Huota juu ya vitu vingine, kama miti iliyokufa, majani yaliyooza, mkate, karanga au mahindi.

Penye kuvu huwapo pia wadudu wanaoila. Nenda msituni utafute gogo la zamani. Mara nyingi utaona uyoga mgumu umeota ubavuni mwake, una umbo la sikio. Uvunje uyoga uliokwisha kuzeeka. Huenda ukaona ndani yake vijia vidogo vingi, kama vimetobolewa kwa sindano. Humo huishi mbawakawa wadogo sana pamoja na mabuu yao. Ipo jamii moja ya mbawakawa wa namna hii yenye aina zaidi ya 600 duniani. Wengi wao hawafiki urefu wa milimita 3. Madume ya aina nyingi yana pembe ndogo kichwani au mabegani, lakini huwezi kuziona bila kioo cha kukuzia.

Wadudu hao wa gogo hawatudhuru. Wao wana kazi yao msituni. Husaidia kuvunja kuvu na miti iliyokufa mpaka igeuke kuwa udongo.

Wako mbawakawa wengine wa kuvu wanaoingia katika nyumba zetu. Hawaingii kwa sababu ya mahindi makavu. Huingia kwa sababu ya ukungu ulio juu ya mahindi. Hao ndio waliokuwa katika khanga ya Mama.

3. WADUDU WANNE WA GUNIANI

Wadudu wa mahindi ni wengi. Katika somo hili tutajifunza wanne. Wawili hula mahindi. Wawili hula ukungu hasa.

Dumuzi. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na nusu. Ana rangi ya kahawia iliyokolea. Mwili wake ni mviringo kama kipande cha kijiti. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa chake, kwa sababu kimeinama chini ya mabega. Nyuma amekatika wima, kama aliyekatwa kwa kisu. Alama yake kubwa ni unga. Dumuzi hutoboa punje na kuacha unga mwingi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alitambuliwa katika mkoa wa Tabora mwaka 1981.

Fukusi. Urefu wake ni kama wa dumuzi. Ana mdomo mrefu mwembamba uliotokeza mbele kama mkonga wa tembo. Mara nyingi ana madoa manne mekundu hafifu mgongoni. Huacha tundu la mviringo katika punje.

Mbawakawa wa ukungu mwenye manyoya. Urefu wake ni milimita 2 na nusu hadi 3. Ana rangi ya kahawia. Umbo lake ni la yai, tena amelala bapa kidogo. Mgongo wake una vinyweleo vifupi vilivyopangwa kwa mistari. Ncha za vipapasio vyake zimevimba kama rungu. Kichwa chake huonekana kutoka juu. Hana mkonga.

Mbawakawa wa ukungu mwenye mabega. Huyu ni mdogo zaidi, kama milimita 2. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu. Nyuma tu ya kichwa, katika kila pembe ya mbele ya bega, ana kinundu kidogo. Vinundu hivyo viwili ndivyo alama yake. Naye pia ana vipapasio vyenye rungu.

Wadudu hawa wawili wa mwisho hawaachi unga mwingi kama dumuzi. Basi kabla ya kumtazama mdudu, yatazame mahindi. Uliza maswali matatu:

Je, punje zina matundu?
Je, kuna unga chini ya gunia?
Je, mahindi yananuka uvundo au yameshikamana?

Kukiwa na matundu na unga, mshuku dumuzi au fukusi. Kukiwa hakuna matundu, nayo mahindi yananuka, ushuku ukungu. Mara nyingine utakuta yote mawili katika gunia moja.

4. KUMPIGA PICHA MDUDU MDOGO

Bibi shamba au bwana shamba huenda anakaa mbali. Lakini katika vijiji vingi sasa yupo mtu mwenye simu ya kupiga picha. Picha nzuri inaweza kumfikia mtaalamu siku hiyo hiyo. Picha mbaya haimsaidii mtu. Fuata hatua hizi.

Kwanza, chekecha mahindi kiasi cha bakuli moja juu ya karatasi nyeupe. Watie wadudu watano au sita katika chupa ndogo safi yenye kifuniko.

Pili, weka karatasi nyeupe karibu na dirisha au mlango. Usipige picha katika jua kali. Mgongo wa mbawakawa hung'aa juani na alama zake hupotea.

Tatu, weka rula kando ya mdudu. Bila rula, mtaalamu hawezi kujua kama mdudu ana milimita 2 au milimita 20.

Nne, futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa safi na laini.

Tano, shika kioo cha kukuzia mbele ya kamera, vikiwa vimekaribiana sana. Simu peke yake haioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Sogeza simu na kioo pamoja, polepole, juu na chini. Miguu ya mdudu ikionekana wazi, hapo ndipo mahali pake. Kama huna kioo cha kukuzia, usimkaribie mno mdudu. Rudi nyuma kidogo, upige picha, kisha uikuze.

Sita, simu isitikisike. Ilaze juu ya vitabu, na sehemu yenye kamera itokeze nje ya ukingo. Mdudu akikimbia, mfunike kwa kifuniko cha chupa kwa dakika mbili. Akitulia, mfunue na upige picha mara moja.

Saba, piga picha nne. Ya kwanza, mdudu kutoka juu. Ya pili, mdudu kutoka ubavuni. Ya tatu, kichwa na vipapasio. Ya nne, mahindi yenyewe pamoja na mahali yalipowekwa.

Nane, andika. Hapa ndipo elimu yako ya kusoma na kuandika inapofanya kazi. Andika tarehe, jina la kijiji, mahali ulipomkuta mdudu, na hali ya mahindi. Kwa mfano:

"Gunia la tatu, limegusa ukuta. Mahindi yananuka. Hakuna matundu. Hakuna unga. Wadudu wanatembea juu."

Maneno hayo machache yanaweza kumsaidia mtaalamu kuliko picha. Yangenisaidia mimi siku ile, kama ningeuliza.

Kumbuka pia kwamba picha haitoshi kila mara. Mbawakawa wa kuvu wako wa aina nyingi, nao hufanana sana. Hata mtaalamu anaweza kuomba aletewe mdudu mwenyewe. Kwa hiyo weka wadudu wachache katika chupa yenye spiriti, pamoja na karatasi yenye maandishi yako. Andika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka katika spiriti.

5. MDUDU HUYU ANATUAMBIA NINI?

Mbawakawa wa ukungu ni kama mtu anayepiga hodi kuleta habari. Anatuambia, "Hapa pana unyevu." Ukimwua na kuacha unyevu, umemwua mleta habari, lakini habari yenyewe bado iko nyumbani.

Dawa ya wadudu haiui ukungu. Sababu ya ukungu ni unyevu, na dawa ya unyevu ni kukausha.

Kwa nini tuuogope ukungu? Kwa sababu baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Watu 125 walikufa. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa kwa sumukuvu hapa Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Yashike mambo haya:

Kupika hakuondoi sumukuvu. Ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa nayo.

Sumukuvu haionekani kwa macho. Mahindi yanaweza kuwa na sumu hata kama huoni ukungu. Pia si kila ukungu una sumu. Kipimo cha kitaalamu ndicho kinachoweza kutuambia.

Kwa hiyo mdudu huyu hathibitishi kwamba sumu ipo. Wala kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba mahindi ni salama. Yeye anatuonya tu kwamba unyevu upo, na penye unyevu sumu inaweza kutengenezwa.

Usiwape mifugo mahindi yenye ukungu. Sumukuvu hudhuru kuku na ng'ombe pia. Tena hupita katika maziwa ya ng'ombe, ikamrudia mtoto kikombeni.

6. KAZI YA KUFANYA

Ukimkuta mbawakawa wa ukungu katika mahindi yako, usingoje. Fanya hivi:

Toa magunia yote nje siku ya jua. Fungua kila moja, utazame mpaka chini.

Tenga punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa. Usizile, usiziuze, usiwape mifugo. Zifukie katika shimo mbali na kisima.

Anika mahindi yaliyobaki juu ya turubai au mkeka safi. Usianike juu ya udongo mtupu, kwa sababu ukungu hutoka udongoni. Geuza mara kwa mara. Yaingize ndani kabla ya umande.

Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Unyevu wake umezidi sehemu 15 katika 100. Yaanike tena. Chumvi isiponata, yaanike siku moja zaidi, kwa sababu mahindi ya kuweka muda mrefu yanatakiwa kuwa na unyevu wa sehemu 13 tu katika 100.

Panga magunia juu ya chaga za mbao. Yasiguse sakafu wala ukuta. Acha nafasi ya mkono kupita. Ziba panapovuja juu ya paa.

Ukitumia mifuko isiyopitisha hewa, kausha mahindi kwanza. Mfuko huo huzuia wadudu, lakini haukaushi mahindi mabichi.

Mwite bibi shamba au bwana shamba. Mpe picha zako na maandishi yako. Mwulize kama mahindi yanaweza kupimwa sumukuvu kabla ya kuliwa. Mtu akila mahindi yenye ukungu, kisha akatapika, akaumwa tumbo au macho yake yakawa ya manjano, mpelekeni hospitali upesi, mkamwambie daktari alikula nini.

7. MWISHO WA HABARI YA MAMA

Mama alifanya kazi hiyo kwa siku nne pamoja na majirani zake. Bwana shamba alifika, akachukua mahindi kidogo ya kupimwa. Mpaka majibu yaliporudi, wajukuu walikunywa uji wa mtama wa jirani. Majibu yalikuwa mazuri kwa magunia sita. Magunia mawili yalikwisha kufukiwa.

Siku ya somo lililofuata, Mama alileta chupa ndogo. Ndani yake walikuwamo wadudu watatu na kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa:

HATOBOI. HANA UNGA. ANAKULA UKUNGU.

Nimeitunza chupa ile. Kila ninapofundisha somo la mahindi, huipitisha darasani kabla sijasema neno. Kisha huwauliza wanafunzi wanaona nini, nami nakaa kimya niwasikilize.

KUMBUKA

Yatazame mahindi kabla ya kumtaja mdudu.
Matundu na unga: mshuku dumuzi au fukusi.
Uvundo bila matundu: ushuku ukungu.
Dawa ya wadudu haiui ukungu. Kausha.
Uliyoyaona wewe ni elimu. Yaseme, hata kama mwalimu amesema mengine.

MASWALI

1. Mama aliona nini ambacho mwalimu hakukiona?
2. Taja alama mbili za dumuzi na alama mbili za mbawakawa wa ukungu.
3. Kwa nini tunaweka rula kando ya mdudu tunapompiga picha?
4. Je, kupika ugali kunaondoa sumukuvu?
5. Chumvi ikinata kwenye chupa, utafanya nini?

KAZI YA KIKUNDI

Gawanyikeni watu watano watano. Kila kikundi kilete mahindi bakuli moja kutoka ghala la mmoja wenu. Chekecheni, tazameni kwa kioo cha kukuzia, kisha andikeni mistari mitano juu ya mlichoona. Msiandike jina la mdudu mpaka mmalize kuandika mlichoona. Halafu someni maandishi yenu mbele ya darasa, na kikundi kingine kiseme kama kinakubali.